Sura ya Tano: Mkia wa Bi Gharama

"Ukifika kule, ongea kidogo," Shangazi aliniambia huku akinifunga zipu ya gauni alilolishona mwenyewe. "Cheka kidogo, kula kidogo, na lile jambo la vyama vyenu uliache hapa hapa nyumbani."

"Na wakiniuliza?"

"Wakikuuliza, sema hujui."

"Shangazi, mimi ni mkuu wa kitengo cha gharama. Nitasemaje sijui?"

"Kwa mdomo huo huo unaonijibia."

Akanigeuza, akanitazama juu hadi chini kama anavyotazama nguo kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Shangazi ndiye aliyenilea. Cherehani yake ndiyo iliyonipeleka shule, na siku ile aliamini kwamba gauni lile la bluu ndilo litakalonipeleka kwenye ndoa. Sikutaka kumvunja moyo, nikanyamaza. Kunyamaza si kazi niliyosomea, lakini nilijitahidi.

Lile jambo la vyama lilikuwa hivi. Kwa miaka mingi wahasibu tulikuwa na vyama viwili. Watu wa Hati walisomea kwenye ofisi za ukaguzi zenye mazulia. Watu wa Gharama tulisomea viwandani, jioni baada ya zamu, mikono ikinuka kazi. Wao huletewa hesabu iliyokwisha kuandikwa, waseme ni kweli au si kweli. Sisi ndio tunaojua kopo moja la rangi limekula nini mpaka likafika dukani. Mwaka ule vyama vikapiga kura, vikaungana, na wote tukapewa jina moja jipya: Mhasibu Mtaalamu.

Ningefurahi kama mambo yangeishia hapo. Lakini watu wa Hati waliweka sharti. Kwa miaka kumi, kila mtu aandike mwishoni mwa jina jipya, kwenye mabano, chama alichotoka. Mhasibu Mtaalamu, mabano, Hati. Mhasibu Mtaalamu, mabano, Gharama. Tukayaita mabano hayo mkia. Wenye mkia wa Hati waliuvaa kama tai. Wenye mkia wa Gharama tulionyeshwa njia moja tu ya kuukata: kukaa miaka miwili ndani ya ofisi ya ukaguzi kama mwanafunzi, chini ya mtu wa Hati. Wenzangu kadhaa walikwisha kuanza kutafuta nafasi. Mimi nilikwisha kuchapisha kadi zangu mpya za kazi, na mkia wangu niliuchapisha kwa herufi nene.

Na mwanamume niliyempenda alikuwa mtu wa Hati. Tena si wa Hati tu, bali mwana wa mzee mwenye ofisi ya ukaguzi inayojulikana mji mzima.

Alikuja kiwandani kwetu, kiwanda cha rangi, kusimamia hesabu ya stoo mwisho wa mwaka. Shati jeupe, viatu vinang'aa. Akawa anapita kwenye safu za mapipa akigonga kila pipa kwa kalamu, asikie kama limejaa.

"Unabisha hodi?" nikamuuliza. "Humo hamna mtu."

Stoo nzima iliangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo anaitwa Hodi. Tulihesabu pamoja kwa utaratibu wetu: mmoja anahesabu, mwenzake anaandika, kisha wanabadilishana, na hesabu haisimami mpaka wote wawili wakubaliane. Tulikubaliana kila safu isipokuwa moja. Ile moja tulibishana mpaka chai ikapoa. Aliyekuwa sahihi ni mimi. Alipogundua alisema tu, "Umenishinda," bila kununa, akafuta ya kwake akaandika ya kwangu. Moyo wangu uliteleza pale pale, kwenye sakafu ya stoo, na sikujaribu kuuokota.

Basi ndiyo sababu Jumapili ile nilikuwa kwenye sebule ya wazazi wake, nimekaa kwenye kochi la ngozi kama mgonjwa anayesubiri daktari, Shangazi ubavuni mwangu. Ukutani, juu ya televisheni, kilitundikwa cheti cha Hati cha Mzee, kwenye fremu ya dhahabu. Picha ya arusi yao ilikuwa pembeni, ndogo zaidi.

Tulikula. Mama yake Hodi alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, kila mara akiniongezea maji kabla glasi haijaisha. Mzee alikula polepole, akaweka kijiko, akanigeukia.

"Binti, nasikia kiwanda chenu kimeacha kumwaga rangi."

"Ni kweli, mzee. Tulikuwa tunaosha mitambo kila tunapobadilisha rangi. Siku hizi tunaanza asubuhi na nyeupe, tunakwenda krimu, tunashuka hivyo hivyo mpaka nyeusi. Tunaosha jioni, mara moja."

"Nani aliliona hilo?"

"Mimi, mzee."

Hodi alinitazama kutoka upande wa pili wa meza. Ana macho ambayo yakifurahi hayajui kujificha. Niliyaona, nikasahau kidogo kwamba niko ugenini.

"Una akili," Mzee alisema. "Ndiyo maana roho inaniuma." Akajifuta mikono, kidole kwa kidole. "Mimi nilipinga muungano. Nilisimama ukumbini nikasema wazi, nikashindwa kwa kura. Sina kinyongo. Lakini nimeajiri watu maisha yangu yote na najua wanavyochaguliwa. Anayetafuta mkuu wa fedha atasoma mkia kwanza, jina baadaye. Utafika mahali utafungiwa mlango, na hakuna atakayekwambia kwa nini. Sitaki hilo limpate mkwe wangu."

"Asante, mzee," nikasema, maana sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, na huruma ya kweli ni ngumu kuijibu.

"Nimekutafutia nafasi ofisini kwangu. Miaka miwili. Unaanza mwezi ujao na kundi la wanafunzi wapya. Mkia unakatika, halafu tunafanya arusi. Kadi itasomeka vizuri pande zote mbili."

"Miaka miwili ndipo arusi?" Shangazi aliuliza, maana umri wangu anaujua kuliko mimi.

"Miwili si mingi, dada," Mama alisema kwa upole. "Itapita tu."

Shangazi akanifinya paja chini ya meza. Najua lugha ya vidole vyake. Kidole kimoja maana yake kaa sawa. Viwili maana yake nyamaza. Safari hii alitumia mkono mzima. "Tunashukuru sana, mzee," akasema. "Mtoto huyu ana bahati."

"Hakuna shukrani," Mzee akasema. "Tena nafurahi hakusumbua. Mwanangu ameniambia tangu wiki iliyopita kwamba binti amekubali."

Nikamtazama Hodi. Hodi akatazama kikombe chake cha chai kana kwamba kuna kitu kimezama humo.

Nataka nieleweke. Nilimpenda. Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kujiona kwenye nyumba yetu ndogo, viatu vyake mlangoni, kelele zetu jikoni. Ningeweza kusema ndiyo, neno dogo, na vyote hivyo vingekuwa vyangu.

"Mzee, samahani," nikasema. "Aliyekubali si mimi."

Mama aliacha kumimina maji. Shangazi akaondoa mkono wake pajani, na hilo liliniogopesha kuliko kufinywa.

"Sikuelewi," Mzee alisema.

"Nafasi hiyo ni ya heshima, na nakushukuru kwa moyo wangu wote. Lakini sitaichukua."

"Kwa sababu?"

"Wanafunzi wako wakija kiwandani, mimi ndiye ninayewatembeza stoo na kuwaeleza wanachokiona. Mwezi ujao nije nao, nimewabebea mafaili?"

"Kujifunza si aibu, binti."

"Si aibu hata kidogo. Ungeniambia kuna jambo silijui, ningekuja kesho asubuhi na daftari langu, nikakaa mbele. Lakini hujasema silijui nini, mzee. Umesema tu nilikotoka kufutwe."

"Nakuambia kwa wema. Mkia huo utakulemea."

"Ng'ombe halemewi na nunduye, mzee."

Mama alikohoa. Naapa kilikuwa kicheko, lakini alikimeza haraka kwa maji yale yale aliyokuwa akinimiminia.

Mzee hakucheka. Alinitazama, hana hasira, ana ule utulivu wa mtu aliyezoea kusema neno la mwisho. "Na kama huo ndio mlango pekee wa kuingilia nyumba hii?"

Chumba kizima kiligeuka kumtazama Hodi, pamoja na mimi. Hakuna siku nyingine niliyotamani kusikia sauti yake namna ile. Alifungua mdomo. "Baba," akasema. Akasita. Akanitazama, akamtazama mama yake. Basi, ikaishia hapo.

Nikainuka. "Mzee, mama, asanteni kwa chakula. Kimetushibisha. Shangazi, twende."

Hodi alinifuata barazani nikiwa navaa viatu, Shangazi amekwisha kutangulia getini. Bizimu ya kiatu ilikataa kufunga.

"Umemjibu baba yangu mbele ya watu," alisema kwa sauti ya chini.

"Na wewe umenijibia mimi nyuma yangu. Kipi kibaya?"

"Nilitaka mambo yaende. Unamjua baba. Ukimkatalia mwanzoni, anafunga mlango. Nikasema nikubali kwanza, halafu taratibu..."

"Halafu taratibu nini? Nikishakaa kwenye dawati la wanafunzi, taratibu utanitoa?"

"Ni miaka miwili tu, mpenzi. Mimi mwenyewe nilipita pale."

"Ulipita ukiwa hujui kitu. Mimi nina watu kumi na moja wanaoniita bosi. Utawaambia nini? Bi Gharama amekwenda kukatwa mkia?"

"Usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nikianza kucheka utanijua." Bizimu ikafunga, nikasimama, na sasa nilimtazama usoni kwa karibu. Alikuwa na ile harufu yake ya sabuni na karatasi mpya. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumsukuma, vyote kwa mikono ile ile. "Sikiliza. Wewe ni mtu ambaye hata pipa la rangi unaligonga kwanza. Mapipa ya watu, Hodi, unayabishia hodi. Mimi umeniingia bila kugonga."

Macho yake yalijaa, akageuka kando.

"Nakupenda," alisema akiwa amegeuka.

"Najua. Na mimi nakupenda. Sasa jiulize hilo litafanya nini kwenye nyumba ambayo mimi ninasemewa." Nikashuka ngazi.

Kwenye teksi Shangazi hakusema neno mpaka tulipokaribia nyumbani. Kimya cha Shangazi ni kizito kuliko maneno yake, na maneno yake si mepesi.

"Umenitia aibu," akasema hatimaye.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimeshona gauni hili kwa mkono, pindo lote. Kwa ajili ya nini? Uje useme mambo ya ng'ombe kwenye meza ya watu?"

"Nisamehe."

"Naogopa," alisema, na sauti ikabadilika. "Mimi nitaondoka siku moja. Nani atakaa na wewe? Mkia utakupikia? Mkia utakuuliza umeamkaje?" Akatazama nje ya dirisha, akatoa leso, akapenga kamasi. Kisha, bila kunigeukia, akasema kwa sauti ya mtu anayekiri jambo polisi: "Lakini uliposimama pale, nilitamani kupiga vigelegele. Nikajizuia kwa ajili ya yule mama, maskini."

Nikaegemea bega lake. Nililia hapo, kwa kuwa Shangazi si mtu baki. Gauni la bluu likalowa kifuani, naye akaniambia nisilivute, kitambaa kile hakipendi maji.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuhesabu stoo, mwisho wa mwezi. Nashukuru ilikuwa hivyo, maana siku ya stoo haikupi nafasi ya kuwaza. Mitambo inazimwa, hakuna pipa linaloingia wala kutoka, na kiwanda kinakuwa kimya mpaka unasikia kalamu zinavyokwaruza. Nilivaa ovaroli yangu, ile ambayo Shangazi aliitarizi neno *Gharama* mfukoni siku niliyopandishwa cheo. Nikajipa safu za nyuma kabisa, peke yangu, nikisubiri mwenzangu wa kubadilishana naye amalize upande wa makopo.

Nilikuwa katikati ya mapipa ya nyeupe nilipoona kivuli mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa Hodi, amevaa shati la jana, limekunjamana, na viatu havikung'aa. Akaingia hatua mbili, akasimama.

"Bi Gharama," akasema. "Naweza kusema neno?"

"Nahesabu."

"Nitangoja."

"Ukingoja unanichanganya. Sema."

"Jana ulipoondoka nilirudi mezani. Nilimwambia baba nilidanganya. Kwamba sikukuuliza, na kwamba hata ningekuuliza sikuwa na haki ya kukuomba jambo lile."

"Akasemaje?"

"Kwanza alidhani nataka aongeze heshima, akupe meza yako mwenyewe. Nikamwambia hapana, si meza. Nikamwambia hata mimi, kwenye hesabu ya kwanza niliyofanya hapa, aliyenisahihisha alikuwa na mkia wa Gharama, na ofisi ya baba ikatia saini kwenye kazi ile. Kama mkia ni kasoro, basi na saini yake ina kasoro."

Kalamu yangu ilisimama, lakini sikugeuka. "Hilo ulimwambia baba yako?"

"Mbele ya mama. Mama akacheka, safari hii hakuficha."

"Na Mzee?"

"Alisema mke wangu asipopita ofisini kwake, na mimi nisipite. Mwezi ujao alikuwa anifanye mbia." Aliinua mabega, akayashusha. "Asubuhi nimekwenda kuchukua vitu vyangu. Ni kikombe na koti. Nilidhani vitakuwa vingi zaidi."

Nilihisi moyo wangu ukipanda ngazi mbili mbili. Lakini nimefanya kazi na hesabu muda mrefu, na najua hesabu inayokuja imenyooka mno, ndiyo ya kurudia.

"Kama umekuja kuomba kazi, sina nafasi."

"Sijaja kuomba kazi."

"Kama umekuja nikuhurumie kwa ulichopoteza, pole, lakini sikukuambia upoteze."

"Najua. Nilichopoteza ni changu, sikuletei bili." Akasogea hatua moja, akajizuia. "Nimekuja kukuuliza nilichopaswa kukuuliza wiki iliyopita. Wewe unataka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Shangazi huniambia ninachotaka. Chama kiliniandikia. Mzee alinichagulia na kunipangia mwezi wa kuanza. Nikageuka, na nilipogeuka nilimwona vizuri: macho mekundu, ndevu hazijanyolewa, mwanamume ambaye jana hakuweza kumaliza sentensi na leo amesimama kwenye stoo ya rangi amezimaliza zote.

"Nataka kubaki na kazi yangu," nikasema. "Nataka siku mlango utakapofungwa usoni mwangu kwa ajili ya mkia, niwe naupiga teke mwenyewe, si wewe unifungulie kwa nyuma. Nataka kadi ya arusi iandikwe majina yetu na vyeo vyetu, na mikia yote miwili, herufi za ukubwa mmoja. Nataka arusi mwaka huu, Shangazi asinipigie kelele. Na kadi ya kwanza tumpelekee Mzee, mimi na wewe, kwa mikono yetu. Akija, nitamkaribisha kama baba yangu. Asipokuja, kiti chake kitakaa mbele, wazi, na sitakubali mtu akikalie."

"Nimekubali."

"Sijamaliza. Usinikubalie haraka, ndiyo tabia iliyotufikisha hapa."

Akafunga mdomo. Pembe ya mdomo ule ilianza kutabasamu, akaizuia kwa nguvu zote.

"Nataka usinisemee tena. Mahali popote. Hata kuniagizia chai."

"Hata chai," alisema.

"Sasa toka nje."

Uso wake ulianguka. "Nitoke?"

"Toka. Ufunge mlango."

Alisimama kidogo, akitafuta usoni mwangu kama nimemfukuza kweli. Sikumsaidia. Akageuka taratibu, akatoka, na ule mlango mzito wa chuma ukajifunga nyuma yake. Upande wa makopo kalamu zote zilikuwa zimesimama. Watu wangu kumi na mmoja walijifanya wanahesabu, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Kisha ikaja. Mara tatu, kwa kalamu, juu ya chuma.

"Hodi," ilisema sauti ya nje.

Nikarudi kwenye safu yangu ya mapipa ya nyeupe. Nilikuwa nimepotewa na hesabu, nikaianza upya tangu la kwanza, bila haraka, nikijua yuko nyuma ya mlango ule. Nikafika la mwisho. Nikaandika. Nikachukua kalamu ya pili, ya mwenzangu wa kubadilishana naye, nikaiweka juu ya pipa lililo karibu na mlango.

"Karibu," nikasema.